Saa ya Kinshasa katika nyumba yetu ya Kilibula

Baba Neema wangu,

Kesho tunaondoa matanga yako. Uani wanawake wanachambua maharage na kucheka kwa sauti ya chini kwa heshima yako, nami nimejifungia chumbani nikuandikie kabla nyumba haijajaa watu. Nina jambo moja la kukuambia, na linahusu ile kompyuta yako, kwa hiyo najua utasikiliza. Ungekuwa hapa ungeniuliza tangu lini mimi muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ninazungumzia kompyuta. Tangu uliponifundisha kwa lazima, mume wangu. Na sasa nimegundua kwamba kuna kitu ulinificha.

Watu wa Kilibula wanadhani ulianza kupiga picha kwa sababu ulipenda mashine. Mimi ninajua ulianza kwa hasira. Hatukuwa tumemaliza hata mwaka wa ndoa vita ya kwanza ilipotukuta, tukavuka kwenda Burundi na nguo za mwilini, na tuliporudi tulikuta kuta tu. Godoro limekwenda, masufuria yamekwenda, milango imeng'olewa pamoja na fremu zake. Mimi nililia kwa ajili ya masufuria, sikufichi. Wewe ulizunguka nyumba ukipekua majani, unatafuta albamu ya harusi yetu, ukapata jalada lake limelowa, halina hata picha moja ndani.

"Sufuria tutanunua," ukaniambia. "Ile siku hatutainunua fasi yoyote."

Ndiyo maana, ulipopata ile kamera baadaye, hukupumzika tena. Wiki nzima ulikuwa mwalimu wa civisme, ukiwafundisha watoto wa watu bendera, wimbo wa taifa na wajibu wa raia. Jumamosi na Jumapili ulikuwa kwenye ndoa, ubatizo na komunyo. Kadi ya kamera ilikuwa moja, ndogo, kwa hiyo kila siku ulihamishia picha kwenye kompyuta kisha ukaifuta kadi, ibaki tupu kwa kazi ya kesho. Nilikuwa nikikusikia kutoka jikoni ukicheka peke yako, umemwona bwana harusi fulani aliyefumba macho kila ulipobonyeza.

Wewe mwenyewe hukuwa ndani ya picha hata moja. Kwenye filamu sauti yako ipo: "Sogea kidogo, mama. Inua kichwa. Njo vile." Uso haupo. Kila nilipokuambia ukae nikupige, ulinijibu kwamba uso wako uko kwenye carte d'électeur, kadi ya mpiga kura, na hiyo inakutosha.

Na unajua desturi yetu hapa. Mtu akifa, kuna anayetumwa mbio kutafuta picha yake, ikuzwe, itiwe kwenye fremu, iwekwe mezani juu ya kitambaa cheupe, ili wanaokuja wamsalimu yeye kwanza, ndipo wawasalimu wafiwa. Vita zilikuwa zimekula albamu za nyumba nyingi, basi wote walikuja kwako. Walisimama pale mlangoni: "Mwalimu, tafadhali, ile ya Pasaka, alivaa shati ya bleu." Ulikuwa ukiwakaribisha kiti, unatafuta mpaka unaipata, na hukuwahi kumharakisha mtu aliyetaka kuitazama kwanza pale pale kwenye kioo cha kompyuta. Nilikupenda sana nyakati hizo, ingawa ugali ulikuwa unapoa.

Kisha ikaja ile siku umeme ulipopanda ghafla mtaa mzima. Kompyuta ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza. Fundi aliirudisha ikawaka, lakini ndani hamkuwa na kitu. Na kama kwa makusudi, juma lile lile jirani yetu Mama Furaha akafiwa na mama yake, akaja kukuomba picha. Ulikuwa umempiga yule bibi mwenyewe, kwenye ubatizo wa kitukuu, ameshika mshumaa kwa mikono miwili.

"Iliungua, mama," ukamwambia. "Bintu byote biliungua."

Yeye mfiwa ndiye aliyekufariji wewe. Bibi alizikwa bila picha mezani, na jioni ile ulikaa mbele ya sahani yako mpaka nikaiondoa. Ukaniambia hutarudi tena kumjibu mtu vile katika maisha yako.

Hapo ndipo ulipoleta diski ya nje, ile nyeusi inayoenea kiganjani. Neema wetu alikuwa ameshaanza kazi ofisini Bukavu, akakuelekeza kwa simu namna ya kuipangia kompyuta itoe nakala ya akiba yenyewe, kila siku, bila mtu kuigusa. Wewe ulirudia kila neno lake kwa sauti, mpaka mimi niliyekuwa napepeta unga nikajifunza bila kutaka. Chagua dossier, yaani folda, ya kunakili. Chagua disque ya kupokea. Chagua kila siku. Chagua saa. Saa yenyewe uliipanga kumi na moja jioni, kwa sababu umeme wa mtaa wetu ulikuwa ukiingia mchana na mara nyingi ulikatika giza likishika.

"Sasa iko automatique," ukanitangazia. "Hata siye tukisahau, yenyewe haisahau."

"Na siku ya kukimbia," nikakuuliza, "nayo itakimbia yenyewe?"

Ulitazama nyuma ya mlango, pale uliponing'inia mfuko wangu wa kukimbia, ule uliokuwa ukiucheka kila siku ukisema ninaupenda kuliko wewe. Sijui nyumba yenye akili mjini kwetu isiyo na mfuko kama ule. Ndani kuna vyeti vya ubatizo na vya shule, unga wa muhogo, chumvi, kisufuria, kitenge, dawa zako za presha na ndagala kavu. Unga ukiingia wadudu ninaubadilisha, dawa zikipungua ninaongeza. Kitu ambacho hakimo mfukoni ni kitu ambacho hukukitaka sana. Ndivyo vita zilivyotufundisha.

Basi diski ilibidi ilale mfukoni. Lakini diski iliyo mfukoni haipokei nakala, na ile inayopokea nakala imechomekwa kwenye kompyuta, ambako mwizi na moto wanaijua. Tulilizungusha jambo hilo tangu chakula cha mchana mpaka tukaelewana. Mchana diski ikae kwenye kompyuta ingoje saa yake. Jioni, adhana ya magharibi ikilia kutoka msikitini, mimi niichomoe, niifunge kwenye nailoni, niilaze kati ya unga na ndagala.

"Kumbe automatique ni minye," nikakuambia.

"Ni weye," ukakubali. "Ila usitoe moshi."

Nilifanya kazi ile kwa uaminifu ambao hata kanisani sina. Nikiwa nimekwenda pwani ya ziwa kupokea ndagala, nilirudi mbio kabla ya adhana. Nikiwa na wageni, niliwaomba radhi, nikaingia, nikachomoa, nikarudi kuketi nao. Nilijiona mtu mkubwa, niseme kweli. Mji mzima ulikuwa umelala ndani ya ule mfuko wangu, wenye harusi na marehemu wao, na ni mimi niliyekuwa nikiwalaza.

Neema alipokuja kwa likizo, akataka picha za komunyo yake. Nikampa diski kwa majivuno. Akaichomeka, akatazama, akatutazama sisi.

"Mama, humu hamuna kintu."

Wewe ukavaa miwani, ukavua, ukavaa tena. Neema alifungua mipango ile, akakuta kila kitu kiko sawa: dossier sawa, disque sawa, kila siku, saa kumi na moja. Kisha akatazama pembeni mwa kioo, pale saa inapoandikwa, akatazama na simu yake.

"Papa, ordinatere iko nyuma saa moja."

"Haiko nyuma," ukajibu. "Iko saa ya Kinshasa."

Maskini mume wangu. Kompyuta ilikuwa imekuuliza ufuate saa ya mji gani, ukaona Bujumbura, ukaona Kigali, ukaona Kinshasa, na hukufikiri mara mbili. Ulitueleza kwa sauti yako ya darasani: "Minye ni muCongomani. Nitaombaje saa kwa majirani na mukubwa wangu iko Kinshasa?" Sisi wa huku mashariki jua linatufikia saa nzima kabla ya Kinshasa, hilo ulilijua na kulifundisha, lakini ulipofika kwenye mashine moyo wa civisme ukashinda. Kwa hiyo kila jioni, muadhini wetu alipoanza, kompyuta ndiyo kwanza ilidhani saa kumi na moja imefika, ikafungua kinywa kuanza kunakili, na mimi nikaichomoa diski nikaipeleka kulala. Muda wote ule nilikuwa nikikimbia kutoka pwani kuja kulaza diski tupu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Neema naye alicheka akijiziba mdomo kwa heshima yako.

"Weka Lubumbashi," nikakuambia nilipopata pumzi. "Dada yangu iko kule. Tukiongeaka ku simu, yeye njo anapika na minye njo napika. Saa ni moja. Na Lubumbashi ni Congo."

Ulifikiri kidogo, nikadhani nimeshinda.

"Kiti ya serikali haiko Lubumbashi," ukasema, na ukazima kompyuta.

Ikaamuliwa basi, yaani wewe uliamua, kwamba kompyuta ibaki na serikali yake na mimi ningoje. Adhana ikilia nisichomoe. Nipike kwanza, nichomoe baada ya saa moja. Siku ambazo umeme uliendelea, nakala ilipita vizuri. Siku ambazo umeme ulikatika jua likizama nyuma ya milima, na siku hizo hazikuwa chache, hapakuwa na nakala, na ulinisikia. "Kinshasa yako imetunyima tena leo." "Ambia Kinshasa itume mafuta ya taa." Wewe ulikuwa ukiinamia madaftari ya wanafunzi wako na kutabasamu. Tabasamu lile nililichukua kuwa la ukaidi, na miezi ya mwisho lilizidi hata nikalikasirikia. Ukaidi wako mwingine niliuzoea, Baba Neema. Huu wa Kinshasa uliniuma kwa sababu uligusa kazi yangu.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Ulikuwa umekaa kizingitini unatengeneza rallonge, ule waya wa kurefushia umeme, nyaya mikononi na kipande cha utepe wa gundi kimening'inia mdomoni. Asubuhi ulikuwa umetoka kupiga picha za ubatizo, na kamera ulikuwa umeiacha juu ya kigoda. Kifungo cha pili cha shati lako la kaki kilikuwa kimekatika na ulikuwa umeniomba nikishone tangu Jumatatu. Sijui nini kilinituma. Nikaichukua kamera.

"Leo nakupiga minye."

"Weye utapiga mulango," ukasema bila kutoa ile gundi mdomoni.

Nikabonyeza ulipokuwa unacheka. Ulifuta mikono, ukaja kuitazama, na ukanipa hukumu yako: nimekukata kichwa juu ya nyusi na nimeweka kidole changu pembeni. "Umenikata kichwa, mama," ulirudia mara ngapi sijui, ukicheka mwenyewe. Lakini hukuifuta. Uliihamishia kwenye kompyuta pamoja na zile za ubatizo, kisha ukaifuta kadi kama desturi yako.

Baadaye jioni, jua likiwa limeshapita milima, tukaanza kusikia risasi za mbali upande wa tambarare ya Ruzizi, kisha za karibu zaidi. Barabarani watu wakaanza kupita wakielekea kusini, mwenye godoro, mwenye mbuzi. Mama Furaha alipita na watoto wake, hakusimama, alinionyesha tu njia kwa mkono. Nikaushusha mfuko. Nikaenda kwenye diski, nikasita, maana adhana ilikuwa bado, na Kinshasa yako ilikuwa bado zaidi.

"Haiyaanza," nikakuambia. "Picha ya leo haiyaingia."

"Chomoa tu. Imeisha."

Nilikutazama. Ulikuwa unafunga dirisha, hukunigeukia. Nilijua saa, nilijua mashine yako, na nikaelewa kwamba unanidanganya ili tuondoke. Nikachomoa. Sikukulaumu hata kidogo wakati ule, ilibidi tuondoke.

Tulitembea barabara ya Fizi na watu wengi, mimi na mfuko kichwani, wewe na kamera tupu shingoni. Hata pale ulikuwa unamwambia mzee mmoja ainue kichwa atapata hewa. Tukafika Makobola kwa dada yako Mama Riziki, akatupa chumba cha wanawe, na tulikaa kule kuliko tulivyofikiri. Kila asubuhi uliniuliza, "Disque iko kavu?" Nami nilifungua nailoni, nikaigusa, nikakujibu kwamba iko kavu. Dawa za presha ziliisha, na barabara ya kurudi mjini kuzitafuta ilikuwa imefungwa. Uliniambia nisijisumbue, unajisikia vizuri. Hapo kweli ulinidanganya, na nimekusamehe.

Uliondoka asubuhi, ulikuwa umeanza kunywa uji. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Mama Riziki akatandika kitambaa cheupe, akaweka mshumaa, kisha akaniuliza kwa upole: "Picha yake iko wapi, wifi?" Nikampa carte d'électeur yako. Unajua kadi zile zinavyofanya. Uso ulikuwa umefutika, limebaki umbo la kichwa na mabega, weusi mtupu. Kijana mwenye mashine ya fotokopi na jenereta pale alijaribu kuikuza, akaleta kivuli kikubwa. Mama Riziki alikigeuza kikatazama ukuta. Mama Furaha, aliyekuwa amekimbilia kijiji kile kile, alikaa kando yangu mkekani na kusema polepole, "Alipigaka kila muntu. Yeye mwenyewe hana." Nikainuka, nikaweka kamera yako juu ya kitambaa kile, na watu wakaja wakaisalimu.

Diski nilikuwa nayo. Lakini nani Makobola siku zile angekuwa na kompyuta, na hata angekuwepo, nilijua picha yako haimo. Nilikukasirikia, Baba Neema. Wewe umelala mbele yangu na mimi nina hasira ya kweli na wewe, kwa ajili ya saa moja. Nilikuwa nimekupiga picha mara moja katika maisha yetu yote, na kiti cha serikali kikaja kukaa katikati.

Niliporudi Kilibula nilikuta walichoacha. Kompyuta imekwenda na meza yake, hata waya wameuvuta kutoka ukutani na kuacha tundu. Safari hii masufuria sikuyalilia. Niliegemeza mlango wa bati, nikauza ndagala, nikalala, nikaamka. Mfuko niliurudisha kwenye msumari wake, na kila jioni adhana ikilia mkono wangu ulikuwa bado unainuka kwenda kuchomoa kitu.

Neema hakuweza kufika kukuzika, njia zilikuwa zimekatika. Barabara ya Bukavu ilipofunguka akaja, akanililia begani, na kesho yake mchana akafungua begi lake akatoa kompyuta ya mapajani. Umeme haukuwepo, basi tukaenda kwa Mama Furaha, ambaye kijana wake amemwekea paneli ya jua. Neema akaifungua nailoni, akanusa.

"Mama, hii disque inanuka ndagala."

"Njo ilikuwa inalala nayo."

Ikawaka. Baba Neema, watu wote wamo. Harusi zimo, makomunyo yamo, bwana harusi aliyefumba macho yumo. Neema akafungua filamu moja, na kabla hatujaona chochote sauti yako ikatoka: "Sogea kidogo, mama." Mama Furaha alisogea. Kweli, alisogea kwenye benchi yake, kisha akafunika uso kwa kitenge. Mimi na Neema tulilia na tulicheka pamoja, sikumbuki kipi kilianza.

Neema akaendelea kushuka mpaka nakala ya mwisho. Nikamwambia asijisumbue, ile siku haimo, tulichomoa mapema.

"Mama," akasema, "iko hapa."

Na ulikuwepo. Umekaa kizingitini na rallonge yako mapajani, shati la kaki halina kifungo cha pili, gundi iko mdomoni na unacheka. Paji la uso halipo, nimelikata. Kidole changu kiko pembeni, kikubwa, kimezibaziba mlango. Nilikugusa kwenye kioo mpaka Neema akaniambia nitakichafua, kisha akaniambia niguse tu.

Nilipotulia nikamuuliza imewezekana vipi. Tuliondoka kabla ya adhana. Kinshasa ilikuwa bado haijafika saa kumi na moja. Neema akanitazama kwa namna anayokutazama wewe ukikosea jambo na hataki kukuaibisha.

"Papa hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Aliniitaka ku simu, kiisha Pasaka. Aliuliza namna gani anaweza kubadirisha. Akaweka Lubumbashi." Akaanza kucheka na machozi yakimtoka. "Alisema: usimuambie mama yako, atanicheka mwaka muzima."

Kumbe baada ya Pasaka. Miezi yote ile mashine ilikuwa inanakili kwa saa yangu, inamaliza kabla sijawasha moto, na wewe unaniacha ningoje. Umeniona nikitoka jikoni na mwiko mkononi kuchungulia kama taa ndogo ya diski imezima. Umenisikia nikiitukana Kinshasa ambayo haikuwa na kosa tena. Ulikuwa umeinama kwenye madaftari yako, unatabasamu. Ungekuwa hai ningekununia wiki nzima, na ningekupikia vizuri huku nimenuna.

Uliniambia imeisha, na ilikuwa imeisha. Lilikuwa neno la kweli na mimi nililibeba njia yote ya Fizi nikiliita uongo. Huna habari jinsi ninavyokupenda kwa neno hilo. Mtu asiyekubali kushindwa hata na mkurugenzi wa shule, wewe, ulikuwa umekaa peke yako siku moja ukaiacha saa ya serikali ukachukua ya mkeo, kisha ukaona aibu kuniambia. Ungeniambia, nisingekucheka. Au ningekucheka kidogo.

Picha imekuzwa, iko kwenye fremu hapa mbele yangu ninapoandika. Mwenye studio hapa mjini alisema kompyuta siku hizi zinaweza kukutengenezea paji la uso na kukiondoa kidole. Nikamkatalia vyote viwili. Kesho utakaa juu ya kitambaa cheupe na kidole changu kikiwa pembeni mwako, na watu watakusalimu wewe kwanza. Mama Furaha ndiye ameomba aitandike meza. Kifungo chako nimekishona asubuhi hii, kwenye lile shati, ambalo nilirudi nalo kutoka Makobola mfukoni pamoja na vyeti.

Jambo la mwisho. Neema anarudi Bukavu Jumatatu na ameniachia kompyuta yake, ili watu wakija kuomba picha wasinikute mikono mitupu. Jana mchana alikaa akaipangia nakala ya kila siku, na mimi nilikuwa nikimtangulia: chagua dossier, chagua disque, chagua kila siku, saa kumi na moja. Alishangaa. Kisha mashine ikauliza mji.

"Lubumbashi, si njo?" Neema akasema, kidole kiko tayari.

"Weka Kinshasa."

"Mama, itakuwa nyuma saa moja."

"Najua," nikamwambia. "Hii iko na betri, haitazima. Ile saa moja nitaingoja."

Lala, mume wangu. Diski iko kavu.

Ni mimi mkeo, automatique wako,

Mama Neema